Bei Isomeke Mkononi

Masasi, Jumatatu 2 Septemba 2024

Chama kikuu cha ushirika kimenikabidhi tovuti yake niitengeneze upya kabla ya mnada wa kwanza wa korosho. Katibu aliifungua kwenye kompyuta yake ya mezani akanionyesha: bei zimo, matangazo yamo, ripoti zimo, picha za wajumbe wa bodi zimo. "Kila kitu kimo, mwanangu," alisema, "lakini wakulima wananiambia hawaoni." Nikaifungua kwenye simu yangu. Ukurasa mzima ukajibana ndani ya kioo. Katibu akavaa miwani, akaisogeza simu karibu, akaipeleka mbali, akanirudishia.

Usiku nimeufungua msimbo wa tovuti, na tatizo la kwanza liko juu kabisa: kuna mstari mmoja haupo. Apple ilipotoa iPhone mwaka 2007 ilikuta intaneti iliyojengwa kwa ajili ya skrini za mezani. Ili kurasa zile zisivurugike, kivinjari cha Safari kilifanywa kijihesabu kuwa na upana wa pikseli 980, kiuchore ukurasa wote kwa upana huo, kisha kiupunguze mpaka utoshe kwenye kioo. Vivinjari vingine vya simu vikafuata mtindo huohuo. Mjenzi anayetaka ukurasa wake upimwe kwa upana halisi wa simu anapaswa kulisema hilo kwa lebo iitwayo viewport. Asiposema, simu inachukulia kwamba ukurasa ni wa mezani.

Hesabu yake ni hii. Simu nyingi za bei ya kawaida zina upana wa pikseli 360 kwa kipimo cha CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa kurasa. Ukurasa wa 980 ukishushwa hadi 360, herufi ya pikseli 16, ambao ndio ukubwa wa kawaida wa vivinjari, inabaki karibu 6. Hakuna jicho la mzee wa miaka sitini linalosoma herufi ya 6. Miaka 17 imepita tangu mstari huo uanze kutumika, nao hauna gharama yoyote. Mtu aliyelipwa kujenga tovuti ya wakulima hakuuandika, na aliyeipokea kazi hakuitazama kwenye simu.

Jumatano 4 Septemba

Nimeuweka mstari ule. Kama nilivyotarajia, peke yake hautoshi. Sasa herufi ni kubwa lakini ukurasa umetoka nje ya kioo upande wa kulia, kwa sababu kila kitu kilipewa upana wa pikseli maalumu: kichwa 960, safu ya habari 640, safu ya pembeni 300. Msomaji atalazimika kuvuta kulia na kushoto kwa kila mstari.

Dawa ya hili inajulikana tangu tarehe 25 Mei 2010, Ethan Marcotte alipoandika katika jarida la mtandaoni A List Apart makala iliyowaonyesha wajenzi kwamba ukurasa mmoja unaweza kujirekebisha kufuata kioo chochote. Alitaja mambo matatu: vipimo viwe vya asilimia badala ya pikseli, picha zisizidi upana wa mahali zilipowekwa, na CSS iulize upana wa kioo kabla ya kupanga safu. Miaka kumi kabla yake, katika jarida hilohilo, John Allsopp alikwishasema kwamba ukurasa wa intaneti si karatasi, na kwamba mjenzi aache kutamani kuudhibiti kila upande. Naye Luke Wroblewski mwaka 2009 akahimiza jambo ninalolikubali kuliko yote: anza na simu, kompyuta ifuate.

Naanza na kioo cha pikseli 320. Upana huo haukuokotwa tu. Kanuni za kimataifa za ufikivu, WCAG 2.1 za Juni 2018, zinataka maandishi yasomeke kwa upana wa 320 bila kuvuta kando. Ni kipimo kilekile anachokipata mtu mwenye uoni hafifu anapokuza mara nne ukurasa kwenye skrini ya 1280. Nikimjengea mkulima mwenye simu ndogo, nimemjengea pia mhasibu wa Masasi ambaye macho yake yamechoka.

Nilipunguza pia vitu. Kwenye simu hakuna pembeni. Kila kilichokuwa pembeni huenda juu au chini. Swali linakuwa moja: kipi kitangulie? Sitaki kulijibu nikiwa ofisini.

Jumamosi 7 Septemba

Nimekwenda kwenye chama cha msingi kimoja juu ya uwanda wa Makonde, upande wa Newala. Msimu wa kupuliza umepita. Watu wanafyeka na kufagia chini ya mikorosho ili korosho zikianza kudondoka zionekane. Kwenye ukuta wa ghala kuna karatasi ya A4 ya msimu uliopita, imepauka kwa jua.

Nilimkuta mama mmoja anapumzika kivulini, simu iko kwenye pindo la khanga. Nikamwamkia, akaitika "Marahaba, baba," akanikaribisha nikae. Nikamwuliza akitaka bei anafanyaje.

"Namwuliza karani. Karani asipokuwepo, namwuliza aliyetoka Newala mjini."

"Na simu, mama?"

"Hii ya kuongea na watoto wangu walioko Dar. Na WhatsApp."

Akanifungulia WhatsApp. Katika kundi la chama chao kulikuwa na picha ya karatasi ileile ya ukutani, imepigwa kwa pembe, na kidole cha mpigaji kimeingia. Akaikuza kwa vidole viwili, akaitembeza kushoto, akairudisha kulia, akapotea, akaanza tena. Nikamwambia bei ile pale. Akanitazama kwa upole wa mtu anayemfundisha mgeni. "Bei naiona, baba. Ninachotafuta ni makato. Na siku ya hela kuingia benki."

Katika tovuti yote ya chama kikuu, makato yamo ndani ya waraka mmoja wa PDF, ukurasa wa pili, jedwali la chini. Siku ya malipo haimo kabisa.

Njiani nimepiga hesabu ya karatasi hiyo. A4 ina upana wa milimita 210. Kioo cha simu ya kawaida kina upana wa milimita 65 hivi. Waraka unaingia humo ukiwa umepunguzwa hadi chini ya theluthi moja, na herufi iliyopigwa kwa pointi 12 inasomwa kama ya pointi 4. PDF ilibuniwa ili ukurasa ubaki vilevile kila unapofunguliwa, na kubaki vilevile ndiko kunakomuumiza mwenye simu. Waraka unaowahusu wakulima uandikwe kama ukurasa wa kawaida wa tovuti. PDF ibaki kwa atakayetaka kuchapa na kugonga mhuri.

Jumapili 8 Septemba

Nimeamka nikimfikiria mama yule. Wapo watu mjini wanaodhani usomekaji ni urembo, kazi ya kumalizia baada ya kazi yenyewe. Nawakumbusha kwamba mwezi Oktoba 2018 wakulima wa Newala na Tandahimba walikataa kuuza korosho zao kwa bei iliyotajwa mnadani. Mwezi uliofuata Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itazinunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Watu wanaoweza kusimama mnadani na kusema hapana ni watu wanaohitaji kuona tarakimu zao vizuri, kila mmoja, kabla ya kunyoosha mkono. Asiyejua makato hawezi kujua kama bei ni nzuri.

Jumanne 10 Septemba

Leo ni siku ya jedwali, na nitaliandika kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo tovuti nyingi za aina hii zinapokwama.

Jedwali la bei lina safu nane: namba, tarehe, ghala, chama cha msingi, daraja, kilo, bei ya juu, bei ya chini. Gawa pikseli 360 kwa nane, kila safu inapata 45, yaani herufi tano hivi za ukubwa wa kusomeka. Haliingii. Njia inayotumiwa na wengi ni kuliacha jedwali liteleze kando ndani ya kisanduku chake. Ukurasa unabaki salama, jedwali linavutwa kwa kidole. Nimeijaribu na nimeikataa. Ukivuta hadi kwenye bei, jina la chama limekwisha kuondoka upande wa kushoto. Mtu anabaki na tarakimu isiyo na mwenyewe, na ni rahisi kabisa kusoma bei ya chama cha jirani ukadhani ni yako. Kosa hilo linageuka ugomvi kwenye mizani, na atakayelaumiwa ni karani. Inawezekana kuigandisha safu ya kwanza isiondoke, lakini kwenye kioo cha 320 jina peke yake linakula nusu ya nafasi.

Njia ya pili ni kuiamuru CSS, kioo kikiwa chembamba, ivunje kila mstari wa jedwali uwe kisanduku, na kila tarakimu itanguliwe na jina la safu yake. Inapendeza machoni. Tatizo ni kwamba katika baadhi ya vivinjari, ukishalibadilisha jedwali namna hiyo, programu inayomsomea kipofu kwa sauti haielewi tena kwamba hilo ni jedwali, naye anasikia msururu wa tarakimu.

Kwa hiyo nimeacha kulihesabu kuwa ni jedwali. Mkulima hahitaji kulinganisha vyama vyote. Anahitaji chama chake. Kila chama cha msingi nimekipa ukurasa wake mdogo: jina la chama, tarehe ya mnada, kisha kwa herufi kubwa kuliko zote, kiasi atakachopokea mkononi kwa kilo baada ya makato. Chini yake bei ya mnada. Chini yake makato, moja moja kwa jina na kiasi chake: ushuru wa halmashauri, ghala, usafirishaji na mengine. Kisha siku fedha inapotarajiwa kuingia benki. Basi. Hakuna kuvuta kando, hakuna kukuza. Jedwali kubwa la safu nane lipo bado, kwenye ukurasa wake, kwa ajili ya wahasibu na wanunuzi wenye kompyuta.

Faida nyingine nimeiona jioni. Ukurasa wenye anwani yake unaweza kutumwa WhatsApp, na WhatsApp huonyesha kichwa cha ukurasa pamoja na kiungo. Nimekiandika kichwa hicho kibebe jina la chama, kiasi cha mkononi na tarehe. Asiye na bando la kufungua tovuti anaisoma bei palepale ndani ya kundi. Tarehe lazima iwemo, maana ujumbe ukishatumwa haubadiliki wenyewe, na watu husambaza ujumbe wa juzi.

Alhamisi 12 Septemba

Uzito. Ukurasa wa mwanzo wa zamani una picha tano zinazopokezana, kila moja imetolewa kwenye kamera na kupandishwa kama ilivyo, pikseli 4,000 kwa upana, megabaiti kadhaa. Kioo kinachozipokea kina upana wa 360. Hata kwa simu zenye kioo cha ubora zaidi, picha ya 720 inatosha. Mkulima analipia data ya picha kubwa, kisha simu yake inaitupa sehemu kubwa ya hiyo picha.

Ulimwengu mzima unakwenda hivyo. Kwa takwimu za HTTP Archive, ukurasa wa kawaida sasa umevuka megabaiti 2. Kule bondeni, chini ya uwanda, simu inapoonyesha herufi E, yaani mtandao wa polepole wa EDGE, mtandao wa kasi ya kilobiti 100 kwa sekunde utachukua karibu dakika tatu kuushusha ukurasa wa aina hiyo, kama hautakatika katikati. Watu wanasema "inazunguka tu" na kufunga. Ukurasa wa kilobaiti 40 unafika kwa sekunde tatu na kidogo.

Nimeziondoa picha zinazopokezana. Zilizobaki nimezipunguza na kuzihifadhi kwa muundo wa WebP, ambao Google iliutoa mwaka 2010. Fonti za kupakuliwa nimezifuta zote. Simu ina fonti zake, na zinasomeka.

Jumapili 15 Septemba

Nimesoma tena matangazo yote ya msimu uliopita, safari hii nikiyatazama jinsi Kiswahili chenyewe kinavyokaa kwenye kioo chembamba. Violezo vya tovuti tunavyonunua vimepangwa kwa maneno mafupi ya Kiingereza. Maneno yetu ni marefu. "Yatakayowasilishwa" ina herufi 18, na kwenye simu mstari mmoja wa herufi zinazosomeka unabeba herufi 36 hivi, hata zisifikie 40. Maneno mawili ya namna hiyo na mstari umejaa. Ukipanga maandishi yawe sawa pande zote mbili kama gazeti, kivinjari kitatawanya maneno machache yaliyobaki na kuacha matundu meupe katikati. Jicho linajikwaa. Maandishi yote nimeyaegemeza kushoto na kuuacha upande wa kulia ukae unavyotaka.

Vichwa vya habari vilikuwa vyote kwa herufi kubwa. UTARATIBU WA KUWASILISHA STAKABADHI, kwa fonti ya pikseli 32, unatoka nje ya kioo. Herufi kubwa hula nafasi zaidi, tena jicho huzisoma polepole. Nimezirudisha kuwa ndogo, na nimeiruhusu CSS ikate neno linapokosa nafasi.

Halafu kuna herufi mbili tu zilizokuwa zimekosewa kwenye msimbo. Kiolezo kilitangaza kwamba lugha ya ukurasa ni "en". Simu ikiambiwa ukurasa ni wa Kiingereza, sauti inayowasomea wasioona hutamka Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, na hakuna anayeelewa kitu. Nimeandika "sw". Mwalimu mstaafu ninayemfahamu hapa Masasi, ambaye uoni wake umekwenda, amesikiliza ukurasa wa bei kwa simu yake na kunirudia tarakimu zote sawasawa. Kisha akaniuliza kwa nini sentensi za matangazo ni ndefu hivyo. Ana haki. Tangazo la malipo lilianza na salamu, kumbukumbu ya kikao, kifungu cha sheria, na tarehe ya malipo ikaja kwenye mstari wa kumi na moja. Nimeipandisha iwe ya kwanza.

Jumatano 18 Septemba

Nimekaa nje saa saba mchana na simu tatu za bei tofauti. Kompyuta ina njia ya kuigiza kioo cha simu, ila haiigizi jua la Masasi. Kijivu cha kisasa walichokipenda wajenzi wa zamani, maandishi mepesi juu ya weupe, kinatoweka kabisa. Kanuni za ufikivu zinataka maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli wake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Kijivu kile hakifiki hata 3. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1, na sioni sababu ya kutafuta kingine kwa maandishi ya bei.

Vidole pia. Toleo la 2.2 la kanuni hizo, la Oktoba 2023, linataka kitu cha kubonyezwa kisipungue pikseli 24 kwa 24, na mwongozo wa Android unapendekeza 48, ambayo ni milimita 9 hivi. Nimechukua 48 na kuacha nafasi kati ya kiungo na kiungo. Mtu aliyetoka kuokota na kubangua ana vidole vigumu, na kioo chake mara nyingi kimepasuka pembeni.

Nimeondoa pia amri iliyokuwa inazuia kukuza ukurasa. Sijui ni nani aliyewaaminisha wajenzi kwamba kumzuia mtu kukuza maandishi ni ustadi. iPhone ziliacha kuitii amri hiyo tangu 2016, na zilifanya vyema.

Ijumaa 20 Septemba

Kikao na uongozi. Mwenyekiti hakufurahi kuona picha yake na salamu zake za kuwakaribisha wageni zimeondoka juu ya ukurasa wa mwanzo. Alisema kwa heshima lakini kwa mkazo kwamba nyumba haiingiwi bila mwenye nyumba kuonekana. Nikamwelewa, ndivyo tulivyolelewa. Nikampa simu ya kawaida na kumwomba atafute, kwenye tovuti ya zamani, mkulima wa chama cha kijijini kwao atapokea kiasi gani. Alipangusa, akapita picha yake, akapita salamu, akapita picha tano zinazopokezana, akafika kwenye PDF, ikamwambia apakue kwanza programu ya kuifungulia. Nikampa ukurasa mpya.

"Hii ndiyo waipate," akasema.

Salamu zake zipo, kwenye ukurasa wa "Kuhusu chama," na picha yake ipo, ndogo na safi.

Jumatatu 23 Septemba

Karani mmoja kanipigia: menyu haifunguki kwake. Anatumia Opera Mini, kama wengi huku. Kivinjari hicho, ambacho kimekuwepo duniani kote tangu Januari 2006, huupeleka ukurasa kwenye seva za Opera, huko unabanwa, kisha simu inapokea kilichokwisha kubanwa. Ndiyo maana watu wenye bando dogo wanakipenda. Ila kikibana kwa kiwango cha juu, hati za JavaScript haziendeshwi ndani ya simu, na menyu yenye mistari mitatu iliyotegemea hati hizo inakaa kimya. Nimeiondoa. Badala yake ni viungo vinne vya kawaida juu ya ukurasa: Bei, Malipo, Matangazo, Wasiliana. Hakuna anayehitaji kuelezwa mistari mitatu ina maana gani.

Jumamosi 28 Septemba

Tovuti haifiki kwenye kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, na vitochi ni vingi. Nimemwomba Katibu tutume pia ujumbe mfupi kila baada ya mnada. Una nafasi ya herufi 160, na Kiswahili kinaingia chote humo kwa kuwa alfabeti yetu haina alama za juu ya herufi. Tahadhari moja: anayeandika "ng'ombe" au jina lenye ng' atumie alama iliyonyooka. Ile iliyopinda, ambayo kompyuta huiweka yenyewe, inaubadilisha ujumbe mzima kuwa wa herufi 70, na chama kinalipia ujumbe mara mbili au tatu.

Kuandika ujumbe huo kumenisaidia kwenye tovuti yenyewe. Jina la chama, kiasi cha mkononi, bei, makato kwa jumla, siku ya benki: herufi 160 zinatosha. Kilichoingia humo ndicho kinachostahili kuonekana kwenye kioo cha kwanza kabla ya kupangusa.

Jumanne 1 Oktoba

Siku ya mnada watu wengi watafungua kwa wakati mmoja, kwenye mnara uleule. Nakumbuka Septemba 2017 kimbunga Irma kilipokuwa kinaipiga Florida: NPR na CNN, mashirika makubwa ya habari ya Marekani, yaliwaelekeza watu kwenye kurasa zao za maandishi matupu, zisizo na picha wala hati, kwa sababu ndizo zilizoweza kufika kwenye simu zenye mtandao dhaifu. Nchi tajiri, mitambo yote, na kilichowafikia watu kilikuwa maandishi matupu. Kurasa zetu za bei ni za namna hiyo kila siku, kimbunga kisubiriwe cha nini?

Ukurasa wa chama kimoja una kilobaiti 21. Nimeufungua bondeni kwenye herufi E, ukaja kabla sijaishusha simu.

Jumamosi 5 Oktoba

Leo nimekabidhi. Makarani watakaokuwa wanaingiza bei wamefundishwa, na kila mmoja ameingiza bei ya mfano kwa simu yake mwenyewe. Kisanduku cha bei kikibonyezwa, kibodi ya tarakimu ndiyo inayotokea, wala hawahangaiki kuitafuta.

Atakayepokea kazi hii baada yangu, ninakuachia maombi machache. Usirudishe jedwali la safu nane kwenye ukurasa wa mkulima, hata akikuomba mtu mkubwa. Picha yoyote usiipandishe kabla ya kuipunguza. Tangazo la malipo lianze na siku ya malipo. Makato yaandikwe moja moja, usiyafiche kwenye jumla. Na kabla ya kusema umemaliza, toka nje juani na simu ya bei ya chini, fungua ukurasa wa chama cha kijiji cha mbali, kisha mpe mtu mzima aliye karibu nawe akusomee kiasi atakachopokea. Akishindwa kukisoma, rudi ndani uendelee na kazi.